Siku Watu wa Nyeri Walipoimaliza Bahari

Juzi dada mmoja wa ofisini kwetu, hapo Westlands, alirudi kutoka likizo ya Pwani akafungua begi lake kando ya meza yangu. Ndani kulikuwa na ndala ambazo hazikukauka vizuri. Harufu iliyotoka humo iliwafukuza watu watano mpaka kwenye ngazi, na wa sita akauliza kama kuna panya aliyefia juu ya dari. Mimi nilibaki. Nilivuta pumzi kama mtu aliyewekewa kikombe cha uji mbele yake. Matope ya mikoko, chumvi, na kitu fulani kilichooza kwa adabu zake. Nikawa na miaka tisa tena, nimesimama mahali ambapo bahari ilipaswa kuwa, na bahari haipo.

Ngoja nieleze vizuri, maana hapa ofisini nilijaribu kueleza nikaambiwa nirudi kazini.

Nilikulia Waithaka, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili, mfereji mmoja, na Cucu. Cucu ni nyanya yangu, mama ya baba, na ingawa ploti ilikuwa na mwenyewe na hati yake, mwenye amri alikuwa yeye. Kwetu sisi, mtu akienda Pwani hatumwi leso wala halua. Anatumwa maji ya bahari. Wa rika langu mnakumbuka. Kila nyumba ilikuwa na chupa yake juu ya kabati, imeandikwa kwa kalamu ili mtu asiipikie chai. Maji hayo yalitibu ukurutu, jino, ndoto mbaya na, kwa mujibu wa Mama Nekesa jirani yetu, hata mume asiyetulia nyumbani. Yeye wake alimwagiwa nusu lita, akatulia wiki mbili nzima.

Mwaka huo miguu ya Cucu ilikuwa imevimba tangu mvua ndefu. Ilivimba mpaka ungedhani amevaa gambuti akiwa pekupeku. Nesi wa zahanati alimwambia atembee, basi Jumapili moja akaondoka kwenda kanisani kwa mwendo wake wa zamani, ule wa kuwapita vijana. Alifika nusu ya njia. Alirudishwa na mkokoteni wa muuza maji, amekaa katikati ya mitungi kama bibi harusi, na mtaa mzima umetoka kutazama. Kuanzia siku hiyo hakuvuka geti. Wazee wa kanisa walipoleta gari, aliwaambia yeye si gunia la viazi.

Sasa ubaya wa mambo ni kwamba Jumapili ya Mavuno ilikuwa inakaribia. Kanisani kwetu wimbo wa mavuno huanzishwa na mtu mmoja, na mtu huyo, tangu kanisa likiwa la mabati, alikuwa Cucu. Asipokuwepo, wangeuanzisha wengine. Hakulia. Aliacha tu kuimba wakati wa kuosha vyombo, na nyumba ikawa kimya mpaka nikaanza kusikia saa ya ukutani.

Kisha Sande Skuli yetu ikatangaza safari ya Pwani. Cucu aliniita akanipa mtungi wa lita tano, ule wa mafuta ya kupikia, ameuosha kwa majivu mara nne.

"Atiriri, Njeri," akasema, yaani sikiliza. "Nataka yale ya kwanza. Usiniletee ya juu juu ambayo watu wamekojolea."

"Ndio, Cucu."

"Ukinipatia hayo, mimi Mavuno nitakuwa mbele. Usiponipatia, basi."

Hilo "basi" lake liliniingia kuliko mahubiri yote niliyowahi kusikia. Mama Nekesa akachungulia mlangoni: "Na mimi usinisahau, Njeri. Hata kijiko tu."

Mwalimu wetu wa Sande Skuli, Mwalimu Githinji, alikuwa ametangaza kwamba atakayebeba mtungi ataachwa Voi aishi na tembo. Kwa hiyo niliuvaa mtungi ndani ya sweta. Nilisafiri usiku kucha nikiwa na mimba ya miezi saba, na wenzangu wote walijua, na hakuna aliyesema, kwa sababu nusu yao walikuwa na mimba pia.

Tulifika giza bado halijaondoka. Hatukuiona bahari, lakini tuliisikia inanguruma nyuma ya miti kama malori elfu moja ya mchanga. Nililala nimeukumbatia mtungi. Asubuhi, tulipotoka kwenda kunawa uso, tuliona mabasi mengine matatu yameegeshwa barabarani, yanajiandaa kuondoka. Ubavuni yaliandikwa jina la kanisa moja la Nyeri. Na kwenye madirisha, mwanzo hadi mwisho, kulikuwa na chupa. Chupa za soda, chupa za juisi, mitungi ya lita kumi, lita ishirini, ndoo zenye vifuniko. Zote zimejaa. Abiria walikuwa wamezipakata kama watoto wachanga.

Tukapelekwa ufuoni. Na bahari haikuwepo.

Sikiliza: haikuwepo. Palikuwa na uwanja wa mchanga na mawe na majani ya kijani yaliyolala, umeenda mpaka mwisho wa macho. Mbali huko kulikuwa na mstari mweupe mwembamba kama uzi. Mashua mbili zilikuwa zimelala ubavu mchangani kama ng'ombe waliochoka. Akili yangu ya miaka tisa ikajumlisha haraka sana: usiku bahari ilikuwepo, nimeisikia kwa masikio yangu. Asubuhi mabasi matatu ya Nyeri yamejaa. Sasa hakuna kitu.

"Wamemaliza," nikamnong'oneza Kevo, kijana wa ploti ya pili.

"Nani?"

"Watu wa Nyeri. Wamechota yote."

Kevo akatazama uwanja ule mkubwa, akafikiri, akatikisa kichwa kwa uchungu. "Hao watu hawana huruma, aki."

Ndipo akaja Bi Mwanakombo. Alikuwa mama wa makamo, buibui amelikunja mpaka magotini, viatu vya plastiki, fimbo mkononi. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni pale ufuoni, awaonyeshe wanyama wa pwani na magofu ya watu wa kale.

"Hamjambo, wanangu?"

"Poa!" tukapiga kelele sote.

Akamgeukia Mwalimu Githinji. "Wamesema nini hawa?"

"Wamesema hawajambo," Mwalimu akajibu huku anaona haya.

Bi Mwanakombo alikuwa na sheria moja, na hiyo sheria ndiyo nusu ya hadithi hii. Tunatembea hatua kumi, tunasimama, tunachuchumaa. Kila mmoja anataja kitu alichokiona. Na hatuendi mbele mpaka wote waseme. Hata mmoja akibaki, safari nzima inamsubiri.

"Haya, mwaona nini?" akauliza baada ya hatua kumi za kwanza.

"Mchanga." "Mchanga." "Mchanga." Akafika kwangu.

"Mimi sioni bahari," nikasema.

"Hilo hujaliona. Niambie uliloliona."

Nikachuchumaa na mimba yangu ya mtungi. Nikaona shimo dogo, na mbele ya shimo vimipira vya mchanga, vidogo kama dengu, vimepangwa kama vya kuuza sokoni. Ndani ya shimo macho mawili juu ya vijiti yakanitazama. Kaa. Nikasema kaa, tukaruhusiwa kwenda. Hatua kumi tena. Kwenye mikoko, ambayo mizizi yake imesimama juu ya matope kama miguu ya meza nyingi, tukaona samaki wanaotembea nchi kavu. Wallahi, kama wasemavyo huko, walikuwa wanatembea! Walijikokota kwa mapezi, wakaruka, mmoja akamtazama Kevo kama anayemdai. Tukaona jongoo wa bahari mnene kama mkono wa mpiga ngumi. Tukaona konokono akikimbia, na alipogeuzwa kumbe ndani ni kaa mdogo aliyehamia nyumba ya mwenzake.

Lakini mimi moyo wangu haukuwa hapo. Kila mara nilikuwa natafuta maji yaliyobaki. Na nikayapata. Kwenye jiwe moja kubwa la matumbawe kulikuwa na kidimbwi, kikubwa kama sufuria ya kupikia githeri ya watu kumi. Kisafi, kimetulia. Nikajiambia: haya ndiyo ya mwisho. Bahari yote ya dunia imebaki hapa. Nikangoja wenzangu wapige hatua kumi, nikabaki nyuma, nikazaa mtungi wangu, nikaanza kuchota kwa kifuniko.

Kifuniko cha mtungi si kitu cha kuchotea bahari, lakini nilichota. Nilipofika nusu ya mtungi nikaona kwamba kidimbwi kina wenyewe. Kulikuwa na kaa wawili wadogo, kiti cha pweza chekundu chenye mikono mitano kama nyota, na samaki mmoja wa mistari ya manjano, kama kidole changu. Nilipozidi kuchota, wale wa chini walijibana. Samaki hakuwa na pa kujibana. Maji yakamfika tumboni, akalala ubavu, akawa anafungua mdomo na kufunga, kufungua na kufunga.

"Vumilia," nikamwambia. "Ni ya Cucu."

Hakuvumilia. Nikatazama mtungi. Nikatazama samaki. Nikaanza hesabu: miguu ya Cucu ni miwili, samaki ni mmoja. Cucu ananipa chapati, huyu hanipi kitu. Hesabu zote zilimwangukia samaki. Kisha akaupiga mkia wake kidogo, mara moja tu, na mimi nikalia kwa sauti, nikageuza mtungi juu chini. Maji yote ya mwisho ya dunia yakarudi kidimbwini, glug, glug, glug, na kila glug niliisikia kama Cucu anasema basi, basi, basi.

Nilipogeuka, Bi Mwanakombo alikuwa amesimama nyuma yangu ameegemea fimbo.

"Umemwaga maji ya nani, mwanangu?"

"Ya Cucu. Ya miguu. Na hakuna mengine, wale wa Nyeri wamebeba yote na basi tatu."

Uso wake ulifanya mambo mengi kwa wakati mmoja. Kwanza akajikaza. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Kisha akaketi juu ya lile jiwe, buibui na yote, akacheka mpaka korongo wawili wakaruka. Alipopata pumzi aliniuliza jina, akaniuliza Cucu ni nani na miguu ina nini, nikamweleza yote, mpaka mkokoteni.

"Bahari haijamalizwa," akasema, anafuta macho. "Imekupwa. Yaenda, yarudi. Kila siku iko hivyo, tangu kabla ya bibi ya bibi yangu."

"Itarudi lini?"

"Saa nane utanionyesha wewe."

Sikumwamini hata kidogo. Nilidhani ananibembeleza, kama vile watu wazima wanavyosema mbwa amehamia shamba. Alitupeleka juu, kwenye magofu ya msikiti wa zamani na nyumba zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe. Ukutani mlikuwa na vishubaka vya kuwekea taa. Kulikuwa na kisima chenye maji matamu hatua chache tu kutoka baharini. Aliupapasa ule ukuta kama unavyompapasa mtoto mgongoni, akatuambia watu wake walikaa hapa, wakala, wakaoana, wakahama.

"Walihama kwa sababu bahari iliisha?" nikauliza.

"Njeri!" Mwalimu Githinji akafoka.

"Mwache," Bi Mwanakombo akasema. "Nauliza hata mimi."

Saa nane tulishuka tena ufuoni. Nilitarajia kelele, mafuriko, malori elfu moja. Haikuwa hivyo. Kwanza mchanga ulibadilika rangi. Kisha kitu baridi kikapita katikati ya vidole vyangu vya miguu, kikarudi, kikaja tena kimefika kwenye kifundo. Ile mashua ya kwanza ikajitikisa, ikasimama wima peke yake kama mtu aliyeamshwa. Na ndani ya muda usiozidi wa kupika ugali, uwanja wote ule ulikuwa bahari, buluu, kubwa, inameta, na sisi wote tumeingia na nguo zetu, Mwalimu Githinji akiwa wa kwanza. Nilijaza mtungi wangu. Mwalimu aliuona. Alitazama upande mwingine, na nilipoangalia vizuri, alikuwa ameshika chupa tatu.

Habari ya mwezi kuvuta maji niliisikia nikiwa mtu mzima wa miaka ishirini na sita, kwenye masomo ya jioni pale Ngara, nikiwa nimetoka kazini na usingizi umenishika kola. Mwalimu wa jiografia alipomaliza kuchora duara zake ubaoni niliinua mkono nikasema: "Kwa hivyo kweli hawakuimaliza?" Darasa lote halikuelewa. Mimi nilishusha pumzi niliyoishika miaka kumi na saba.

Waithaka tulipokelewa kama timu iliyoleta kombe. Mama Nekesa alipata kijiko chake, akaonja, akasema, "Chumvi kweli! Na nani aliiweka yote hii?" akatia kikombe kizima kwenye maji ya ugali. Ugali ule uliwapeleka watu wanne kwenye mfereji kwa mbio. Yaliyobaki tulimimina kwenye karai, Cucu akatumbukiza miguu, akafumba macho, ploti nzima imemzunguka.

Siku ya kwanza, hakuna kitu. Siku ya pili, hakuna. Siku ya nne maji yalikuwa yamegeuka rangi na miguu ni ile ile. Na mimi nilijua kwa nini. Cucu aliagiza yale ya kwanza. Ya kwanza nilimrudishia samaki. Haya niliyoleta yalikuwa ya raundi ya pili, kama chai ya majani yaliyochemshwa tena. Nilikuwa nimemchagua samaki nikamwacha nyanya yangu. Nilikonda. Nasema kweli, nilikonda mpaka sketi ya shule ikawa inazunguka peke yake.

Jumamosi, kesho yake ikiwa Mavuno, nilishindwa kuvumilia. Nilimkuta Cucu na karai lake nikamwambia yote, kuanzia basi za Nyeri mpaka glug ya mwisho. Nilingoja kofi. Cucu akayakoroga maji kwa kidole cha mguu.

"Huyo samaki alikuwa mkubwa kiasi gani?"

"Kama kidole changu."

"Alipona?"

"Alipona, Cucu."

"Sawa." Akatoa mguu mmoja majini, akautazama kama kitu cha mtu mwingine. "Na huyo mama wa fimbo. Mlitembea mbali?"

"Mbali sana. Lakini hatukuchoka."

"Hamkuchoka namna gani?"

Nikamwonyesha pale pale sebuleni: hatua kumi, simama, sema umeona nini, usiposema hatuendi. Cucu akacheka, mara ya kwanza tangu mkokoteni. "Kesho," akasema, "beba kigoda."

Tulitoka saa mbili asubuhi. Yeye na kitambaa chake cheupe cha kichwani, mimi na kigoda. Hatua kumi, nikaweka kigoda chini, akaketi.

"Umeona nini, Cucu?"

"Nimeona geti. Twende."

"Geti si kitu. Hatuendi."

Akaguna, akatazama ua wa kayaba. "Ngai! Huyu amekaa hapa tangu lini?" Kinyonga, kijani kibichi, mguu mmoja hewani, anafikiria kama aendelee. Tulimsubiri mpaka akaushusha. Hatua kumi. Siafu wanavuka barabara wamebeba mayai, na Cucu akamsimamisha mwenye bodaboda kwa mkono: "Ngoja wapite, hawa wana watoto." Akangoja. Hatua kumi. Ndege watatu, kwarara, wanashuka kwa kelele kutoka paa la mabati, wanachimba bustani ya watu kwa midomo mirefu kama sindano za magunia.

Tulipopita robo ya njia mambo yakageuka. Mimi sikuwa naonyesha tena. "Keti wewe sasa," Cucu akasema, akanipa kigoda. "Hapa kwenye duka la simu unaona nini?"

"Duka la simu."

"Hatuendi. Hapa palikuwa shamba la viazi vitamu. Babu yako alisimama pale, kwenye mwamvuli wa yule mama wa mboga, akaniambia ananipenda. Akarudi nyuma ili nimwone vizuri, akatumbukia mtaroni."

Kwenye daraja alinionyesha mahali walipokuwa wakifua nguo wasichana wote wa mtaa. Jiwe bado lilikuwapo, limelainika kama sabuni iliyotumika. Alilipapasa. Penye kibanda cha kinyozi palikuwa na mti wa yule mama mkunga wa kijiji. Kila aliyezaliwa upande huu wa mto alitajwa jina lake la kwanza chini ya mti huo, na Cucu aliyataja majina, moja baada ya jingine, mpaka kinyozi akazima mashine asikilize. Sikuwa nimewahi kuyasikia. Nilikuwa nimepita pale kila siku ya maisha yangu.

Mtu wa kawaida hutumia dakika kumi na tano kufika kanisani. Sisi tulitumia masaa manne na nusu, na sitii chumvi hapo. Kengele ililia tukiwa na kinyonga. Mahubiri yalisikika kwenye kipaza sauti tukiwa darajani. Tulipofika getini watu walikuwa wanatoka. Ibada imekwisha, mnada wa mavuno umekwisha, kila mtu na alichonunua: huyu na mkungu wa ndizi begani, yule na kabichi mbili, wengine na malenge, miwa, kuku miguu juu. Wakamwona Cucu amesimama kwenye geti kwa miguu yake mwenyewe, imevimba vile vile, kitambaa kimemwendea upande. Kelele zikakatika.

Mchungaji akaja mbio. "Cucu! Karibu, jamani, karibu. Lakini... tumemaliza."

"Mmemaliza nyinyi," Cucu akasema. "Mimi ndio nimefika. Rudini ndani."

Wakatazamana. Kisha mama mmoja mwenye jogoo kwapani akageuka, na mwenye miwa akamfuata, na kabla sijafunga mdomo kanisa zima lilikuwa linarudi ndani na mboga zake, linabanana mlangoni, kuku wanalia, malenge yanawekwa kwenye viti kama waumini. Nilimwekea Cucu kigoda mbele. Hakukiketi. Alivua viatu, akakanyaga ile sakafu baridi ya saruji, akangoja mpaka hata kuku wakanyamaza, akauanzisha wimbo.